Siri ya Papa Straton na Walinzi Wake Watatu

Kijiwe chetu cha Karuba ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha Mama Anastasie, pale njia ya kwenda Mushaki inapopinda. Ukikaa upande wa kulia unapata kivuli. Ukikaa upande wa kushoto unapata réseau ya simu, na ndiyo sababu ubao wetu umelika upande wa kushoto tu. Mama Anastasie anauza kahawa ya maziwa kutoka termosi nyekundu, na ndiye mwenye simu kubwa ya kijiwe. Simu hiyo ilianguka siku moja ndani ya ndoo ya maziwa, na tangu hapo haijui kunong'ona: ukipiga, sauti ya mtu wa upande wa pili inatoka nje mpaka ng'ambo ya bonde. Jumamosi ile asubuhi alikuwepo Zéphyrin, tunayemwita Ministre, yaani waziri, kwa sababu hajibu swali kabla ya kukohoa. Alikuwepo Evode, tunayemwita Satellite, maana anajua kila mahali réseau inaposhika na kila mwanamke anayepita hapo. Nami nilikuwepo, kwa ajili ya kahawa tu. Ndipo Papa Straton alipotokea amevaa koti lake la misa, siku isiyo ya misa.

— Papa Straton, nani amekufa? aliuliza Satellite.

— Hakuna. Kumezaliwa muntu. Falone amezaa, mutoto mwanaume.

— Félicitations, Papa! Mama Anastasie, mupe kahawa ya ujukuu!

— Kahawa itangoja. Batême njo kesho, na jina haijafika.

Hapo tukaacha kucheka, maana habari ya jina hilo kila mtu wa Karuba anaijua. Falone, binti ya Straton, aliolewa Kibua, kule Walikale msituni, na anafanya kazi kwenye centre de santé, kituo cha afya cha huko. Siku ya mahari Straton aliwarudishia wakwe ng'ombe mmoja mzuri, ili jina la mtoto wa kwanza litoke huku kwetu milimani. Mama mkwe wa Falone, Mama Pétronille, alimpokea ng'ombe kwa mikono miwili na akaweka neno lake: jina lifike kabla ya ubatizo, likichelewa atalitoa yeye. Na kwetu jina la mtoto halisikiwi na sikio lingine kabla ya wazazi. Likisikiwa njiani, limeharibika.

— Si umupigie Falone tu? aliuliza Satellite.

— Nimupigie kwa nini? Mu ile nyumba kuko téléphone moja, na iko mu mukono ya Pétronille. Kila nikiita, ni wimbo moja tu: "Falone iko ku kazi. Niambie mimi, nitamufikishia." Atafikisha! Atafikisha yake!

— Na kwa hii téléphone yangu, alisema Mama Anastasie, jina itasikika mpaka ku Mushaki.

— Njo maana Falone alinifungulia imeli mbele ya kuolewa. Ku kazi yake, kwenye iko analala na mutoto, kuko machine ya kuisomea. Mi naandika jina, yee anasoma na bwana yake, basi. Mama Anastasie, nikopeshe téléphone.

Mama Anastasie akajipangusa mikono kwenye kitenge, akafungua ukurasa wa imeli, akaiweka simu upande wa kushoto wa ubao. Wote tukainama.

— Inaomba mot de passe, ile neno ya siri ya kufungulia, alisema. Papa, mot de passe ni nini?

Papa Straton akatuangalia mmoja mmoja, kwa upendo mwingi.

— Si ni nyinyi?

Ndipo tukakumbuka. Hata mimi nilikuwepo siku ile, ingawa sikupewa kitu, na jambo hilo bado linaniuma.

— Munajua namna tunakimbia vita, alieleza Straton. Hatubebeshe muntu moja vitu vyote. Moja anabeba sufuria, mwengine chumvi, mwengine blanketi. Mwenye anapotea njiani, anapotea na kitu kimoja tu. Falone aliniambia, "Papa, mot de passe isipotee." Nikaigawa. Ministre mwanzo, Satellite katikati, Mama Anastasie mwisho.

— Na wewe ulibakia na nini?

— Mi? Nilibakia na nyinyi.

Ministre akakohoa.

— Penye wengi hapaharibiki neno. Mugeuke wote. Siri ni siri.

Tukageuka, tukaangalia mlima. Nyuma yetu Ministre alianza kuandika kwa kidole kimoja, polepole.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, Ministre, alisema Satellite bila kugeuka. Tia na kingine.

— Niache. Hii neno naijua vizuri. Kila mangaribi naiita.

— Unaita nini?

— Mbuzi yangu. Niliipatia ile jina, nisisahau.

— Ministre! Ile mbuzi unaiitaka na sauti mpaka kwa padiri! Karuba yote inajua ile jina!

— Inajua mbuzi. Haijue mot de passe.

Satellite akakamata simu, nasi tukageukia mlima tena. Yeye alimaliza haraka, na Mama Anastasie akataka kujua amewezaje.

— Ya kwangu ni chiffre, namba tu. Niliipaka rangi ku mulango wa nyumba.

— Nyumba za Karuba haziko na numéro!

— Yangu iko nayo. Kuko mugeni moja alipita, akasema hapa njo kuko muntu wa maendeleo.

— Bure kabisa, alisema Mama Anastasie. Mi nimechunga yangu sawa Mukristo. Bwana yangu aliisikia nikiisema mu usingizi, akafikiri ni jina ya mwanaume. Alininunia, akalala ku salon ya wageni.

— Kwani ni ya mwanaume?

— Geuka kule, Satellite!

Akaandika, akabonyeza, tukainama wote. Simu ikasema kwa maandishi mekundu kwamba mot de passe si yenyewe.

Wakarudia, tukageuka, tukageuka tena, mpaka shingo zetu zikajua kazi hiyo. Nyekundu. Ikabidi tukae chini na kutafuta sababu, na kutafuta sababu ndiyo kazi tunayoiweza kuliko zote.

— Mi nimeona shida, alisema Satellite. Tunaandika maneno, yenyewe inaandika vidoti. Haielewi. Muntu anakuambia neno, wewe unajibu vidoti, ni kuelewa ile?

— Vidoti ni kufunika, alisema Mama Anastasie. Sawa vile unafunika maziwa, nzi isiingie.

Ministre akakohoa mara mbili, dalili kwamba linakuja jambo la serikali.

— Machine yenyewe haiko hapa. Iko Amerika. Kule sasa ni usiku, mwenye kufungua amelala.

— Machine inalala?

— Muntu mwenye anaichunga analala! Wewe unafikiri imeli ya dunia muzima inachungwa na nani? Mvumilivu hula mbivu. Tungoje aamuke, anywe chai.

— Batême haitangoja chai ya Amerika, alisema Straton.

— Basi ni vidole, alisema Satellite. Imesikia vidole ya bantu batatu, na compte ya imeli ni ya muntu moja. Ingekuwa wewe, ungefungulia bantu batatu benye unaona mugongo tu? Tutumie kidole ya mwenyewe.

Neno hilo lilikuwa na akili kiasi kwamba hakuna aliyelipinga. Straton akatoa kidole chake cha shahada. Ministre akakikamata, akakipigisha kwenye simu herufi kwa herufi, huku mwenye kidole amegeuza kichwa pembeni ili asione siri yake mwenyewe. Kisha kidole kikapita kwa Satellite, kisha kwa Mama Anastasie. Nilipita kwenye ndoa na matanga mengi mimi, lakini mzee aliyevaa koti la misa, mkono umeazimwa na watu watatu, uso unaangalia mlima, sijamwona kabla ya siku ile.

Nyekundu.

— Papa, nisamehe, alisema Satellite kwa sauti ndogo. Labda ni mama mukwe. Bantu ya msituni biko na mambo yao ya zamani. Labda ameifunga.

Straton akachomoa kidole chake.

— Usitukane wakwe yangu. Pétronille ni mukristo kunipita. Tena kama angejua kufunga kitu toka Kibua, angefunga kinywa yako ya kwanza.

Mara hii simu haikungoja hata tujaribu. Ikasema tumejaribu sana, turudi baadaye. Straton akaketi upande wa kulia wa ubao, upande usio na réseau, kama mtu asiyengojea tena kitu.

— Falone njo mutoto moja alinibakilia, alisema. Ile jina natembea nayo mu tumbo tangu siku alitoka kwangu. Sikuambia hata bibi yangu. Isipofika leo, nitazikwa nayo.

Ministre alitaka kukohoa akaacha, na mimi nikaweka kahawa yangu chini. Mtu anaweza kucheka ujinga wa mwenzake, lakini si jina la mjukuu wake.

Ndipo pikipiki ikasikika kwenye kona, na Jérémie akashuka amekunja uso. Jérémie ni docteur wa ng'ombe, anapita vilima vyote vya Masisi na sindano zake, na siku hiyo alikuwa ameshika simu yake mkononi kama ushahidi.

— Nani huku Karuba anataka kuingia kwangu?

— Kuingia wapi, docteur?

— Kwangu! Tangu asubuhi téléphone yangu iko inalia tu: muntu anajaribu kufungua compte yako, muntu anajaribu kufungua compte yako. Inasema huyo muntu iko pande ya huku. Nimeacha ng'ombe ya bantu katikati ya kuchanja!

Tukaangalia mlima, maana tulishazoea. Lakini Jérémie si mtu wa kuangalia migongo. Akaokota simu ya Mama Anastasie pale kwenye ubao, akaisoma, akasogeza kidole juu kidogo ya mahali tulipohangaika asubuhi nzima.

— Hii iko imeandikwa hapa juu ya mot de passe, munaona ni nini?

— Ile? alisema Satellite. Ile ilijiandika yenyewe. Tulifikiri machine inatusalimia.

— Inawasalimia! Ni adresse yangu, jina yangu ya imeli! Si niliingilia imeli hapa siku ile nilikuja kuchanja ng'ombe? Ikabakia. Kumbe tangu asubuhi munagonga mulango yangu na funguo ya Papa Straton!

Ministre akasimama, akamnyooshea mkono.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jérémie hakuupokea. Lakini alipoambiwa habari ya mtoto na ya ubatizo wa kesho, uso wake ukakunjuka. Akaketi upande wa kushoto, akaomba kahawa, akafuta jina lake pale juu. Na sisi matumaini yakaturudia, Straton akafunga vifungo vya koti lake.

— Basi haikuharibika kitu, alisema Jérémie. Mot de passe yenu inaweza kuwa muzuri kabisa, ilikosa tu nyumba yake. Ni dakika moja. Papa Straton, adresse yako ni gani?

Ministre akamwangalia Satellite. Satellite akamwangalia Mama Anastasie.

— Mi nilipewa mbuzi tu, alisema Ministre.

— Mi chiffre.

— Mi nilipewa neno ya mwisho, alisema Mama Anastasie, na ilinikosesha bwana. Adresse sikuisikia ata siku moja.

Wote tukamgeukia mwenyewe. Papa Straton alivua kofia, akaitazama ndani.

— Falone alisema hivi: "Papa, mot de passe usiambie muntu. Adresse, uambie kila muntu."

— Na wewe ulifanya je?

— Nikaona adresse haiko siri. Sasa kitu chenye haiko siri, nani anakichunga?

Jérémie akanywa kahawa yake yote kwa mara moja. Mama Anastasie alitikisa termosi, haikujibu kitu. Hapo Straton akasimama, akachukua simu, akamsogeza Jérémie, akakaa upande wa kushoto wa ubao na kupiga namba aliyokuwa ameikataa asubuhi nzima. Iliita kidogo tu, kisha sauti ya Kibua ikajaza bonde lote.

— Papa Straton! Nilijua utaita. Jina imepatikana?

— Jina iko, Mama Pétronille. Iko tayari kabisa. Nilitaka tu uniulizie Falone kitu kidogo.

— Falone iko ku kazi. Niambie mimi, nitamufikishia.

Straton akawaangalia walinzi wake watatu. Hakuna aliyemwangalia.

— Umuulize, alisema, mi naitwa nani mu machine.

Kule ng'ambo ng'ombe mmoja aliinua kichwa. Kisha tukamsikia Mama Pétronille akicheka, kicheko cha polepole cha mtu aliyeshiba, mpaka akakimaliza chote.

— Sawa, Papa. Usihangaike. Kama iko vile, nitawapatia majina wote wawili, mutoto na babu yake.