Mgeni wa Siku ya Wafalme

Kwenye uwanja wa mji mkongwe wa San Juan kuna benchi moja tu lenye kivuli kabla ya adhuhuri, nalo lina wenyewe: Kanali, ambaye hajawahi kushika bunduki, Bubu, ambaye hanyamazi, na Eleuterio, ambaye leo kakoroga kahawa mpaka ikamwagika. Mjukuu wake Yarelis, miaka saba, anatua saa kumi akitokea kwenye theluji ya Chicago. Hajawahi kufika hapa. Na baba yake keshasema wazi: mtoto akichoshwa, mwakani likizo ni Florida.

— Mpeleke ngomeni akaone mizinga, alisema Kanali. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

— Mizinga itamlaza, alidakia Bubu. Mpeleke kule kule ngomeni, lakini akarushe kishada. Upepo wa Januari unabeba hata padri.

Hapo wakaanza kushindana. Bubu akataka mtoto ahesabu paka wote wa mji, kisha siku ya tatu auze barafu za matunda, maana mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Kanali akaapa kuna meli ya watalii bandarini ambayo kwa neno lake moja itapiga honi mara saba. Eleuterio aliandika yote kwenye karatasi ya mkate, roho ikizidi kumnyong'onyea. Florida nayo ina paka na meli.

Mama mmoja mwenye kapu aliomba nafasi apumzishe miguu. Alisikiliza kidogo, kisha akauliza:

— Wazee wangu, leo si tarehe tano? Nyasi za farasi wa Wafalme Watatu, nani kakata?

Usiku wa leo ndio Wafalme, wale mamajusi wa Krismasi, huwaletea watoto zawadi. Mtoto asiyeweka nyasi kwenye sanduku chini ya kitanda, Wafalme humpita na zawadi zao. Nyumbani kwa Eleuterio aliyekuwa akikumbuka ni marehemu mkewe.

— Mjini humu ni mawe matupu, alisema Bubu. Nyasi ziko ngomeni tu. Twende tukakate.

Eleuterio aliikunja ile karatasi, akaipangusia kahawa iliyomwagika.

— Hatukati sisi. Atakata mtoto mwenyewe, mimi nitamshikia sanduku.

— Na mlinzi wa ngome je? aliuliza Kanali. Yule haruhusu hata jani kung'olewa.

— Si ndiyo maana tuna Kanali? alijibu Eleuterio.