Mtunza Bunduki Aliyeitwa Mvivu

Hapana, katibu, karatasi yako haitasomwa, uliambiwa asubuhi mlangoni na sasa unaambiwa mbele ya waombolezaji, kwa sababu inasema marehemu alistaafu kwa heshima, na marehemu hakustaafu, alifukuzwa, na tangazo linalomwita mvivu bado liko kwenye ubao wa klabu yako ya shabaha. Inayosomwa ni hii, iliyoandikwa na mdogo wake kwa mkono.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, kifungua mimba wa fundi vyerehani, katika vyumba viwili nyuma ya duka la baba. Alianza shule Januari 1961, akaishia darasa la saba mwaka 1967, mengine yote akajifundisha kwa kufungua vitu na kuvifunga. Mwaka 1968 aliingia karakana ya vyuma, tarehe 9 Juni 1979 akamwoa shemeji yetu, wakajaliwa watoto watatu, na tarehe 1 Februari 1984 klabu ikamwajiri atunze bunduki zake ishirini ndogo za shabaha.

Wanachama walimwita Bwana Subiri, maana ukimuuliza mtutu usafishwe lini, alijibu, "Subiri, utakwambia wenyewe." Risasi za bunduki hizo ni laini, zimepakwa nta, nta hiyo hutanda ndani ya mtutu, na ukiiondoa yote, risasi kumi, pengine ishirini, zitakwenda ovyo mpaka itande tena. Kwa hiyo chemba, pale risasi inapokaa, aliifuta kila jioni, lakini mtutu aliugusa pale tu matundu kwenye karatasi ya shabaha yalipoanza kuachana, bunduki moja baada ya risasi mia nne, nyingine mia tisa, kila moja na ukurasa wake daftarini. Alikuwa mbishi, familia haifichi, harusi ya bintiye alifika watu wanakunja viti, kisa alikuwa akihangaika na bunduki namba saba.

Mwaka 2016 akaja katibu huyu, akapitisha kitambaa cheupe mtutuni, kikatoka cheusi, akasema mbele ya watu, "Mzee, hata masufuria ya mke wangu yana nafuu." Akaamuru mitutu isuguliwe kila jioni, akanunua fimbo za chuma, akazisukuma mwenyewe kutokea mdomoni, na marehemu alimwonya mara tatu kwamba anauparuza mdomo wa mtutu, mahali risasi inapoagana na bunduki. Siku ya mashindano, tarehe 24 Septemba, namba saba, iliyosuguliwa na katibu mwenyewe, ilitawanya risasi kama anayemwagia kuku mtama, klabu ikashika mkia, na tarehe 30 likabandikwa tangazo: ameachishwa kazi kwa uvivu wa kutosafisha bunduki.

Alianza kuugua figo Agosti 2020, akalazwa mara mbili, akafariki tarehe 11 Mei 2021, saa nne asubuhi. Wiki ya mwisho aliuliza kama lile tangazo bado lipo, wageni wakamwambia limeshatolewa, mdogo wake akamwambia lipo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba ngazini, na wale wanachama wawili waliokuja kumwona bila kujificha.

Kaka, lala salama, kazi yako uliifanya.

Katibu, lile tangazo ling'olewe leo.