Trei ya Mayai na Gari Jekundu

Marehemu, ambaye hata wakwe zake walimwita Fundi Springi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, mtoto wa nne wa dereva wa lori na mshona nguo.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972 na chuo cha ufundi mwaka 1977. Cheti chake kinasema alifaulu vizuri sana kuchomelea vyuma; kuhusu nidhamu kimenyamaza, nasi tunyamaze.

Mwaka 1984 alifungua karakana yake. Wateja wake walikuwa watu wa mioyo miwili: Jumamosi wanataka kushindana mbio za magari uwanjani, Jumatatu gari hilohilo lipeleke watoto shule. Springi ngumu hushika kona lakini huvunja viuno. Laini hubembeleza abiria lakini gari huyumba. Marehemu aliijua katikati yake. Alipima kasi uwanjani, kisha akaweka trei ya mayai kiti cha nyuma na kupita barabara ya sokoni yenye mashimo. Likipasuka hata moja, mteja hapewi ufunguo. Yaliyopasuka yalikaangwa, na wanawe walijua kazi imekwendaje kwa kutazama sahani.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimwoa muuguzi, wakajaliwa watoto watatu. Mwaka 2009 mkewe aliumia mgongo akimwinua mgonjwa. Tangu hapo hakuliweza gari jekundu la mumewe, lenye springi za mashindano.

"Baba Watoto, utazilainisha lini?"

"Mwezi ujao, mke wangu. Acha kudeka."

Alihofia kupoteza sekunde mbili za rekodi yake ya uwanjani. Basi mkewe akaenda kliniki kwa basi, akisimama, miaka kumi na minne. Magari ya watu aliyapima kwa mayai. Lake hakulipima hata siku moja. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini aliyeumia hapa hakuwa mganga.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya mifupa. Kitindamimba wake, fundi mwenzake, alimpeleka hospitali kwa gari hilo jekundu. Kila shimo marehemu alipiga kelele. Walipofika getini alisema, "Kumbe ndivyo mama yako alivyokuwa akiumia? Na mimi namwambia anadeka! Ole wangu."

Wiki hiyo aliagiza springi laini. Zilipofika, mikono yake haikuweza tena kushika spana, na hakukubali mtu mwingine azifunge. Alimwomba mkewe msamaha, akasamehewa. Springi zilibaki kwenye boksi chini ya kitanda. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Julai 2023, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na rekodi ambayo haijavunjwa bado. Jana kitindamimba alizifunga springi hizo, akaweka trei ya mayai, akapita barabara ya sokoni. Halikupasuka hata moja. Leo mjane amekuja mazikoni akiwa ndani ya gari hilo, kiti cha mbele. Alipoulizwa hali ya mgongo, alijibu, "Haujauma hata kidogo. Laiti angekuwa yeye anayeendesha."

Apumzike kwa amani Fundi wetu, asitikiswe tena.