Festo Mwalongo, Mlinzi wa Usiku wa Saa ya Jua

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kazi, Bwana Festo Mwalongo anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1997. Aliajiriwa katika kiwanda chetu cha mbao hapa Mjimwema, Njombe, akiwa mlinzi wa zamu ya usiku, na lindo lake halikubadilika: saa ya jua iliyo bustanini karibu na geti, sahani ya shaba inayoonyesha saa kwa kivuli, juu ya nguzo ya zege.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walipojaa Makambako, lindo hilo likawa kazi kweli. Usiku mmoja alimkuta mtu mwenye bisibisi ameinamia sahani. Festo alimsalimia kwanza, kamwene, kama ilivyo desturi. Mtu yule akajitetea kwamba amekuja kutazama saa. Festo akamwambia hakuna tabu, kaa hapa mpaka jua litoke uisome vizuri. Polisi walifika kabla ya jua.

Gazeti liliandika habari hiyo kwa kejeli: Njombe walinda saa ya jua usiku. Sisi watatu tunaopenda saa za namna hiyo, yaani Mzee Halfan mwenye malori, Mwalimu Fidelia na mimi niliyekuwa karani hapa, tuliisoma mgahawani Makambako, chai ikatupalia. Fidelia alisema huenda mlinzi huyo huiamsha alfajiri isichelewe. Halfan akasema hapana, huitia kivuli cha kutosha siku nzima, kama wengine wanavyotia saa ufunguo.

Kicheko kilikatika tuliposikia kwamba mwekezaji mpya wa kiwanda naye amelisoma gazeti, na Festo ni miongoni mwa watakaopunguzwa. Tukapanda lori la Halfan mpaka ofisini kwa meneja. Nilikuwa nimeandaa hotuba, Halfan hakuningoja.

"Bwana meneja, duka lako unaliwekea mlinzi likiwa wazi au likifungwa?"

Meneja akajibu, likifungwa.

"Basi hiyo saa hufungwa magharibi."

Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Festo akabaki kazini.

Mimi ni mgonjwa, na kwa hali niliyofikia sina tena sababu ya kuficha kitu. Nakiri kwa niaba ya wenzangu: hatujawahi kuisoma saa ile bila kuchungulia kwanza saa ya mkononi.

Festo hajawahi kuisoma kabisa. Huingia giza likianza, hutoka jua halijachomoza, na siku za mapumziko huwa kwenye shamba lake la chai Lupembe. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, mabati au godoro, aliomba aione saa yake ikifanya kazi, walau mara moja.

Kwa hiyo sherehe itaanza saa sita mchana, kwa kivuli cha saa hiyo hiyo. Viti vimeshapangwa kuizunguka nguzo, nami nitaletwa na blanketi langu. Asante, Festo. Tunakutakia usingizi mwema wa usiku na michana mirefu yenye jua.

Ukungu ukiwapo, tutasubiri.