Hatua Mia Mbili na Kumi na Mbili: Maisha ya Alamoti Teagai, Mpiga King'ora wa Uwanja wa Ndege wa Motufala

Mchungaji, wazee wa kisiwa, ndugu na jamaa: mimi ni Losaline, mpwa wa marehemu, binti wa dada yake Pasemata. Haya ninayosoma aliniagiza niyaandike akiwa hai, nikamsomea kitandani, akayakubali yote. Kwa hiyo mwenye kununa asininunie mimi.

Marehemu Alamoti Teagai alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 katika kisiwa kidogo cha Fenualiki, si hapa Motufala. Hapa palikuwa pameshachukuliwa. Miezi mitano kabla, Wamarekani waliokuja kupigana na Wajapani walikipa kijiji kizima siku tatu kihame, ili wajenge uwanja wa ndege. Mama yake, bibi yetu Nese, alihama na mimba, mkeka na sufuria moja. Aliacha nyumba, aliacha mashimo ya magimbi waliyoyachimba babu zake, na aliacha kaburi la mama yake, Vaieli, lililokuwa kando ya mlango kama ilivyo desturi yetu.

Waliporudi mwaka 1946 walikuta njia nyeupe ya matumbawe yaliyoshindiliwa. Kanisa tu ndilo lililosalia, maana askari walilifanya ghala. Bibi Nese alisimama kwenye ngazi ya kanisa akaanza kutembea akihesabu, kwa kuwa tangu utotoni alizijua hatua za kwenda ibadani. Hatua ya mia mbili na kumi na mbili ilimfikisha katikati ya uwanja. "Mama yuko hapa," akasema, na Alamoti, wa miaka mitatu, yuko mgongoni. Tangu siku hiyo hakuukanyaga tena uwanja. Alijenga ng'ambo ya pili, na kila Jumapili alikwenda kanisani kwa kuzunguka pwani.

Marehemu alisoma shule ya misheni hapa kisiwani, 1950 hadi 1958. Alichaguliwa kwenda Tarawa kuendelea na masomo, lakini baba yake alifariki mwaka huo huo, akabaki kulea wadogo zake.

Tarehe 1 Juni 1966 aliajiriwa uwanjani. Kazi yake ilikuwa kuzungusha king'ora cha mkono kilichoachwa na askari, kisha kupanda baiskeli na kufukuza kila chenye miguu. Wengi wenu mlifukuzwa, msijifanye hamjui. Mpira tulichezea pale, nguo tulianika pale, na wengine uchumba mliuanzia pale pale. "Tokeni! Ndege haina mkwe hapa wa kumwonea haya!" alikuwa akipiga kelele. Nasi tukimjibu, "Alamoti, rubani ameiona sura yako, amegeuza kurudi Suva!" Siku moja nguruwe wa mke wa mchungaji, yule wa zamani, alilala katikati ya uwanja akakataa katakata kuamka. Marehemu alimpakia kwenye baiskeli, nguruwe mbele, ndege nyuma. Mama mchungaji akaja juu kwamba mnyama wake kachubuka sikio. "Samahani mama," marehemu akamwambia, "safari nyingine nitamkatia tiketi."

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Siku ya kwanza kazini alihesabu kutoka ngazi ya kanisa hatua mia mbili na kumi na mbili, akaweka alama ya chokaa. Kila alipofika hapo alipinda na baiskeli. Kwa miaka ishirini na sita hakupakanyaga.

Tarehe 9 Agosti 1969 alifunga ndoa na Sepola, wakajaliwa watoto wanne. Sepola alisema aliolewa na mtu mwenye wake wawili, na yule mwingine anapigiwa king'ora.

Mwaka 1992 uwanja uliwekwa lami kwa mara ya kwanza. Bibi Nese alikuwa na miaka sabini na moja na kifua kimemchosha. Alimwita mwanawe. "Wakishamfunika na hiyo lami, basi tena. Nitolee mama yangu."

Marehemu aliomba ruhusa, akapewa siku nne. Alichimba penye alama, akapanua shimo, akachimba tena, mpaka mikono ikatoka damu. Hakupata hata jino. Siku ya nne alirudi nyumbani na kisanduku kilichopigwa misumari, mama yake akiwa amekaa mkekani anamsubiri.

"Umempata?"

"Nimempata, mama."

Bibi akakipakata. "Mbona mzito hivi? Mama alikuwa mwembamba, jamani."

"Ni udongo umemganda, mama."

Kisanduku kilizikwa kando ya mlango kwa sala na nyimbo. Nilikuwepo, niliimba. Ndugu zangu, ndani yake mna matumbawe.

Miezi miwili baadaye, lami imeshakauka, tulikuwa kwenye karamu ya harusi, na mzee Penitala, fundi aliyelijenga upya kanisa baada ya kimbunga, akawa anajisifu: "Kanisa la zamani lilitazama bahari kuu. Sisi ndio tulioligeuza mlango." Marehemu alikuwa na sahani mkononi, akaiweka chini. Mawe ya ngazi ile mpya aliyabeba yeye mwenyewe, mwaka 1965, mwaka mmoja kabla ya kuhesabu hatua zake kutoka hapo. Alijua. Kisiwa kizima kilijua, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Miaka yote ile alikuwa anapinda penye mchanga mtupu, na labda bibi yake Vaieli ndiye aliyekuwa akimpitia juu kwa baiskeli.

Bibi Nese alifariki tarehe 3 Novemba 1994, akazikwa ubavuni mwa kisanduku kama alivyotaka. Hakuambiwa.

Tangu ile karamu marehemu aliiacha baiskeli. Alivua ndala kila alipoingia uwanjani, akawa anatembea pekupeku ukingo hadi ukingo, jua liwe kali vipi. Tulimcheka. Tulidhani ni uzee. Kumbe hakujua tena akwepe wapi.

Sepola alitangulia mwaka 2011. Marehemu alikuwa na kisukari, na mwaka 2017 unyayo wake uliungua kwa lami, kidonda kikakataa kupona. Mwaka uliofuata alikatwa mguu Suva. Daktari alimuuliza, "Mzee, una sukari, unatembeaje pekupeku kwenye lami?" Akamjibu, "Nilikuwa natafuta mtu."

Februari mwaka huu aliwaandikia wahusika wa uwanja kuomba pachimbwe tena. Walijibu kwa adabu. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, maji ya chumvi sasa yanachomoza katikati ya lami, kwa hiyo mwakani uwanja utainuliwa kwa zege. Hakuna kitakachochimbwa, ni kuongeza juu tu. Na hata wangekubali, wangechimba wapi? Waliojua ngazi ya zamani ilikokuwa wamekufa wote.

Nilimsihi: "Mjomba, hili tuliache. Bibi alikufa ameridhika."

"Ameridhika na mawe, Losaline," akasema. "Utalisoma, na usiruke."

Alifariki tarehe 2 Juni 2019, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake. Ameacha watoto wanne: Faiva, anayepiga king'ora sasa, na Luisa, Silia na Iosefa walioko Auckland, ambao nauli haikuwawezesha kufika. Ameacha dada mmoja, Pasemata, wajukuu kumi na mmoja, na bibi yake, Vaieli, ambaye bado yuko uwanjani.

Mungu ampe Alamoti pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.

Tunamzika ubavuni mwa mama yake, na kaburi tumelichimba wakati wa maji kupwa, tukichelewa litajaa. Jeneza linavuka uwanja sasa hivi, kabla ya ndege ya saa sita. Nawaomba tuvue viatu. Hatujui ni wapi, basi tuvivue tangu ukingo huu hadi ule. Lami ina moto, najua. Ni dakika tatu tu.