Mpangaji Aliyetafuta Pa Kulala Mchana

Kando ya duka la vitambaa la Amirali, pale njia ya gatini inapozunguka jabali ambalo Mjerumani alishindwa kulivunja na Mwingereza hakutaka hata kujaribu, palikuwa na ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili. Hicho ndicho kilichokuwa kijiwe chetu. Mimi nilishona barazani hapo, wakaniita Sindano. Luhaga, mchukuzi wa gatini, tulimwita Meli, maana sauti yake ilifika kabla yeye hajaonekana. Mihayo tulimwita Hakimu. Aliwahi kuwa tarishi wa boma, akatoka huko na methali tele, na hata moja hakujua inafanya kazi gani. Wilhelmina, mjane wa Kihaya, alituuzia kahawa. Na Amirali, aliyezaliwa hapa hapa Mwanza kama baba yake, alitoka dukani kutukemea kwa makelele, kisha akakaa kunywa kikombe na kuongeza makelele yake.

Reli ilikuwa imefika mjini miaka michache nyuma, na msimu ule pamba ilikuja nyingi hata vinu vikafanya kazi usiku na mchana. Ndipo asubuhi moja akatokea kijana mrefu, nguo zimejaa mafuta na nyuzi za pamba, macho mekundu kama pilipili.

— Mwangaluka, wazee wangu. Shikamooni.

— Marahaba, akajibu Wilhelmina. Mwanangu, umetoka msibani?

— Nimetoka kazini, mama. Naitwa Ndalahwa, natoka Maswa. Nimepata kazi ya kutia mafuta mtambo wa kinu cha pamba. Zamu yangu ni ya usiku.

— Kazi nzuri hiyo! akasema Luhaga.

— Nzuri, baba, lakini mchana silali. Nimefikia kwa ndugu yangu anayegonga ndoo za bati. Anagonga tangu asubuhi mpaka jioni. Jana usiku nilisinzia, mkanda wa mtambo ukanishika mkono wa shati, ukaurarua wote. Ungeshika nyama, mngeniona leo na mkono mmoja. Msimamizi amesema nikisinzia tena nirudi Maswa. Na mke wangu Ng'washi yuko huko na mtoto, anangoja nimwite. Nataka chumba cha kupanga, mahali mtu anaweza kulala mchana.

Wilhelmina alimpa kahawa. Sasa hebu fikiri: mtu hana usingizi, unampa kahawa! Lakini kijiweni petu hatukuwa na dawa nyingine.

— Kirumba, akasema Luhaga. Panga Kirumba, karibu na maji. Ziwa linabembeleza kama mama. Mimi nililala ndani ya jahazi lililobeba mbuzi hamsini, sikusikia mbuzi hata mmoja.

— Wewe mbuzi ndio hawakulala kwa kukoroma kwako, nikamwambia.

— Mficha uchi hazai! akasema Mihayo.

— Hiyo inahusu nini, Hakimu?

— Inahusu nyumba. Mtu akijificha Kirumba hatapata nyumba nzuri. Aende Igogo, kwenye majabali. Jiwe linameza sauti. Ndiyo maana hata ukilitukana halijibu.

Walibishana mpaka kahawa ikaisha. Luhaga alishinda kwa sauti, akampeleka kijana Kirumba mwenyewe, akamtafutia chumba kwa mvuvi mmoja mwema.

Hazikupita siku nyingi, Ndalahwa akarudi. Macho yaleyale.

— Ziwa linabembeleza, baba Luhaga, sikatai. Lakini nyuma ya nyumba wanaunda mitumbwi. Misumari inagongwa siku nzima. Na kunguru wameanikiwa dagaa, wanashukuru kwa kelele.

Mihayo alisimama kama aliyeshinda kesi. Akampeleka Igogo. Huko nako kijana hakudumu. Jua likipanda, majabali yaliwaka kama chungu, chumba kikawa tanuri, na gari moshi lililopita chini ya kilima lilipiga honi pale pale usingizi ulipokuwa unaingia. Akarudi kwetu amekonda, mashavu yamebonyea. Alikaa kwenye ukingo wa ubao, kahawa ikimmwagikia magotini bila yeye kujua.

Hapo hata sisi tuliacha kucheka. Wilhelmina akamwondolea kikombe mkononi.

— Huyu mtoto atakatwa na mtambo, akasema. Na sisi tumekaa hapa tunashindana.

Amirali ndiye aliyetoa shauri la maana, au hivyo tulidhani.

— Mkolani. Nina mkulima ninayemjua huko, ana kibanda kitupu katikati ya shamba la mihogo. Hakuna gari moshi, hakuna nyundo, hakuna Luhaga. Mbali, lakini kimya kitupu.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, akasema Mihayo.

— Nyamaza, Hakimu! tukamwambia wote.

Ndalahwa akahamia Mkolani. Tulikaa tukimngoja kwa furaha kama watu waliopeleka mgonjwa kwa mganga hodari. Aliporudi, hakusalimu. Aliegemea ukuta wa duka, akafumba macho, akasema kwa sauti ndogo:

— Huko ndiko kubaya kuliko kote.

— Kuna nini?

— Hakuna kitu, baba. Ndiyo shida yenyewe. Najilaza, nasikia moyo wangu. Nasikia jani la muhogo likianguka. Nakaa macho nikingoja kitu kisichokuja. Usiku wa kuamkia leo nimejichoma na bomba la mtambo ili nisisinzie.

Akatuonyesha kidole. Wilhelmina alikipaka samli. Safari hii hakumpa kahawa. Alimsogezea nafasi kwenye ubao, kijana akakaa kati ya Luhaga na Mihayo, na sisi tukaanza upya, kwa huruma kabisa, kila mmoja akitaka kumwokoa.

— Apande meli ya Bukoba, akasema Luhaga. Alale ndani kwenda na kurudi.

— Na kazini aende lini?

— Basi atie nanga mtumbwi katikati ya ziwa, alale humo.

— Na mamba? akauliza Amirali. Wewe unamtafutia chumba au kaburi?

— Kaburi! Mihayo akapiga paja. Umesema kweli! Kule makaburini pana kibanda cha mchimbaji. Maiti hawapigi kelele. Mgeni njoo mwenyeji apone!

— Mwenyeji amekufa, Hakimu, atapona vipi?

— Mkanyeni Hakimu huyu, atamtisha mtoto! akasema Wilhelmina. Kwetu Bukoba mtu asiyelala hulazwa juu ya majani ya mgomba. Tena yawe ya mgomba uliopandwa na bibi yake.

— Bibi yake yuko Maswa, na Maswa hakuna migomba!

— Basi aende Ukerewe, akapaza Luhaga, kuna pango ambalo mtu akiingia anasahau hata jina la mkwewe—

— Wewe pango hilo umeliona?

— Nimeliona mara ngapi!

— Mwongo!

— Mwongo baba yako!

Nami nilikuwa nimeacha cherehani, nimesimama, nataka kusema langu, ndipo nikaona kichwa cha Ndalahwa kimeangukia bega la Mihayo. Mdomo wazi. Anakoroma.

— Shhh! nikasema.

Wote wakanyamaza. Ubao mzima ukawa kimya, hata njia ya gatini tukaisikia. Ndalahwa akafumbua macho.

— Kuna nini? Moto umezimika?

Tukatazamana.

— Hapana, mwanangu, lala, akasema Wilhelmina. Lakini kijana alikuwa macho kabisa, anafikicha uso.

Luhaga si mtu wa kukaa kimya muda mrefu.

— Hilo pango, akaanza taratibu, liko upande wa Bukindo.

— Haliko, akasema Mihayo.

— Liko.

— Haliko, nasema! Nimetembea Ukerewe yote kwa kazi ya serikali!

Kabla hawajafika kwenye matusi, Ndalahwa alikuwa amelala tena. Tukawaacha wabishane, na wao, wakiwa wameshaelewa, wakabishana kwa uangalifu mkubwa, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kukataa. Alilala mpaka jua likahama upande wa pili wa jabali. Mihayo hakusogeza bega lake hata mara moja, ingawa baadaye mkono ulikufa ganzi akashindwa kushika kikombe.

Alipoamka, tulimuuliza. Alicheka kwa aibu.

— Nililelewa na babu yangu. Jioni wazee walikaa shikome, kwenye moto wa uani, wakibishana habari za ng'ombe na mipaka na nani alidanganya mwaka wa njaa. Mimi nililala hapo hapo, kichwa kwenye paja la babu. Wakinyamaza, nilijua moto umezimika na kila mtu anaondoka. Basi niliamka. Sikujua kama mpaka leo ndivyo nilivyo.

Kisha Amirali akaingia dukani, tukasikia magunia yakiburutwa. Ukuta ule tuliouegemea ulikuwa wa chumba chake cha kuwekea magunia matupu, chenye dirisha dogo juu ya vichwa vyetu. Hakuna mtu aliyewahi kukitaja, maana nani angempangisha mtu anayetafuta utulivu ukutani kwetu?

— Kina panya, akasema Amirali akitoka amejaa vumbi. Na kina hawa wapiga kelele.

— Nakitaka, akasema Ndalahwa.

Akahamia siku ile ile. Kinu kilimwona mtu mpya. Msimamizi aliyemtisha akamkabidhi mtambo wa pili. Msimu ulipokaribia kwisha, alimleta Ng'washi na mtoto, na Ng'washi akatushukuru mmoja mmoja kwa kupiga magoti, kitu kilichomfanya Luhaga ashikwe na kikohozi cha ghafla akaenda kutazama ziwa.

Tungeishi hivyo, kama Luhaga na Mihayo wasingegombana.

Sisemi kubishana. Waligombana kweli, wakarushiana maneno ya kuumiza, na kesho yake kila mmoja akakaa mwisho wake wa ubao, migongo imeelekeana. Wilhelmina alimimina kahawa kama mtu aliye matangani. Mimi nikajaribu habari ya mvua, haikuota. Nikajaribu habari ya bei ya pamba, Amirali akanijibu, nikamjibu, tukaishia hapo. Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Mihayo hakutoa methali hata moja. Sikuwahi kudhani ningezitamani.

Adhuhuri moja mlango wa chumba ukafunguka. Ndalahwa akatoka amejifunga shuka, macho mekundu kama siku ya kwanza, Ng'washi nyuma yake na mtoto mgongoni.

— Wazee wangu, nimewakosea nini?

— Hujatukosea, akasema Wilhelmina. Hawa wawili wamegombana.

— Wamegombana? Mbona sijawasikia?

— Ndiyo wamegombana, hawasemezani.

Ndalahwa akawatazama, huyu kisha yule. Hakuwa anacheza, alikuwa anataka kujua, kama mtoto anavyouliza wakubwa.

— Kwani mligombania nini?

Luhaga akakuna shingo. Walinigeukia mimi, niliyekuwapo tangu neno la kwanza, na naapa sikukumbuka. Wilhelmina akatikisa kichwa. Mtoto wa Ng'washi akapiga chafya.

— Ilikuwa habari ya samaki, akasema Mihayo mwishowe, akiiambia ardhi.

— Samaki gani? akauliza Luhaga. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Mihayo baada ya siku zile zote.

— Kamongo. Uliniita mpumbavu kwa ajili ya kamongo.

— Kamongo si samaki! Ndiyo maana nilikuita!

— Yuko majini, ana mapezi, si samaki?

— Anapumua hewa kama mimi na wewe! Kiangazi anajizika kwenye tope! Umeona wapi samaki anajizika?

— Chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba!

— Inahusu nini hiyo, Hakimu?

— Inahusu kamongo!

Ndalahwa alikuwa ameshaingia ndani. Ng'washi akarudisha mlango taratibu. Amirali akatoka dukani akiwa ameinua kidole, tayari kukemea. Akasimama, akasikiliza dirishani. Kisha akavuta kiti chake, akakaa katikati yao.

— Lakini hebu niambieni, akasema kwa sauti kubwa. Kamongo ana magamba au hana?