Kilomita Themanini na Sita za Fundi Tepu

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akiwa kitindamimba wa watoto watano. Mtaa mzima ulimwita Fundi Tepu, kwa kuwa tepu ya kupimia nguo haikuwahi kubanduka shingoni mwake.

Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza darasa la saba mwaka 1964. Alikuwa mkali wa hesabu, lakini baba yake alifariki mwaka huohuo na masomo yakaishia hapo. Dada yake mkubwa, aliyekuwa mshonaji, alimkalisha kwenye kigoda kando ya cherehani yake akamwambia, "Mdogo wangu, shika hiki kitambaa. Usikimwagie machozi, ni cha mteja."

Mwaka 1972 alifungua duka lake la ushonaji, chumba cha mita tatu kwa nne chenye dirisha moja. Alishona humo miaka arobaini na mitatu: sare za shule, makoti, mapazia, na suruali zisizo na idadi. Miaka yote hiyo alikuwa ameinama, anatazama chini.

Tarehe 9 Aprili 1977 alifunga ndoa. Alifika mbele ya watu na suti aliyoishona mwenyewe, tepu ikiwa shingoni. Bibi harusi aliivua taratibu akaitia mkobani, na husema mpaka leo kwamba hajawahi kuirudisha, ile iliyokaa shingoni baada ya hapo ilikuwa nyingine. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 2015 mgongo ulikataa. Daktari alimwonyesha picha ya pingili zilizosagika, na kuanzia hapo kukaa wima kukawa dakika ishirini tu, basi. Duka likafungwa. Lakini kilichomtesa zaidi ni kutomwona dada yake, ambaye alikuwa amehamia kwa binti yake, kilomita themanini na sita kutoka hapa. Mwaka 2016 alipanda basi kumfuata, akashushwa njiani kwa maumivu na kurudishwa amelazwa nyuma ya pikapu. Dada naye miguu ilikuwa imeisha, hatoki. Kila Jumapili alipiga simu: "Unakuja lini?" Na marehemu alijibu, "Nakuja, dada." Hivyo hivyo, miaka sita.

Mwaka 2021 mjukuu wake mmoja alimwonyesha kwenye simu picha ya mtu juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ameegemea nyuma, miguu mbele.

"Huyu mgonjwa?"

"Hapana, babu. Anasafiri."

"Si amelala!"

"Amelala na anaendesha."

Alikaa na simu ile mpaka chaji ikaisha.

Kuchagua aina ya baiskeli hiyo kulichukua miezi mitano. Zipo zenye magurudumu mawili mbele, zinatulia sana kwenye kona, ila kiti kiko chini karibu na lami. Zipo zenye mawili nyuma, kiti kinainuka. Marehemu alikalia kila kitu nyumbani, ndoo, kreti, kigoda, na kuamuru ahesabiwe anainuka kwa sekunde ngapi. Kwenye ndoo alishindwa kabisa akagoma kushikwa mkono. Ikaamuliwa: mawili nyuma. Fundi wa kuchomelea aliiunda, na marehemu akashona kiti cha wavu na bendera ya rangi ya machungwa ili malori yamwone.

Alijipima mguu mwenyewe ili pedali ziwekwe umbali wake, hakutaka msaada. Siku ya kwanza, baada ya kilomita nne, magoti yalivimba kama maembe. Fundi wa kuchomelea alikuja, akapima upya, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, umepima suruali! Umeishia kwenye pindo. Kisigino je?" Bomba la pedali likarefushwa. Marehemu hakucheka siku ile. Alicheka siku tatu baadaye, katikati ya chakula, peke yake.

Juni 2022 aliondoka kwenda kwa dada yake. Mwanawe alimfuata kwa pikipiki, kwa sharti asimkaribie. Milima aliipanda kwa gia ndogo kabisa, watoto wakimpita kwa miguu. "Babu, umeanguka?" "Sijaanguka, nakwenda." Siku ya tatu alifika amechoka hana sauti. Dada yake, ambaye macho yalikuwa yamefifia, alipapasa kiti kwa vidole.

"Huu mshono wa nani?"

"Wangu."

"Kona ya kushoto umekaza mno."

Kisha wote wawili wakalala, mchana kweupe. Mwaka 2023 alikwenda tena. Alisema kitu kizuri kuliko vyote ni kwamba njia nzima unatazama juu.

Mwaka 2024 figo zilianza kufeli. Ilikuwa miezi mirefu, yeye alichoka na waliomuuguza walichoka, hakuna haja ya kuficha. Jumapili ya mwisho dada alipopiga simu, marehemu alisema, "Nakuja, dada." Akajibiwa, "Acha, mdogo wangu. Safari hii nakuja mimi." Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na dada yake mkubwa, ambaye jana alisafiri kwa muda wa saa tano kwenye gari, akipumzishwa kila mara, na sasa amekaa hapo mbele. Asubuhi aliomba aoneshwe kiti cha baiskeli. Aliipapasa kona ya kushoto. Ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya.

Dada amefika, Fundi. Lala salama, mgongo umenyooka.